Zombi Aliyepiga Makofi Mlangoni

Onesmo mwanangu,

Habari za soksi, za zipu ya begi na za kutokula chipsi kila basi linaposimama sitaandika. Una miaka ishirini na mbili, na kama mpaka leo hujui kwamba basi la Dar halimngoji mtu, karatasi hii haitakufundisha. Nimeshika kalamu kwa sababu hii ni wiki ya tatu tunapishana uani kama wapangaji waliogombana juu ya umeme, na nikisema kwa mdomo nitaharibu. Mdomo wangu unaujua. Nikimaliza nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako, uikute kabla hujatoka.

Nianze na neno lenyewe. Filamu yako niliiita takataka, mbele ya watu, ndani ya kibanda changu cha video. Sikuja kulifuta neno hilo. Nimekuja kulipunguza, maana nililipima vibaya. Nilisema yote ni takataka, kumbe ni karibu yote.

Usinune. Hakuna mtu Kasulu hii mwenye haki ya kuwadharau mazombi kuliko mimi. Nimewaonyesha miaka kumi na minne. Ada yako ya sekondari, sare zako, hata hiyo simu uliyopigia picha, vyote vimetoka kwa maiti wanaoburuta miguu. Baba yako alipokwenda kutafuta dhahabu akasahau njia ya kurudi, hakuna ndugu aliyenishika mkono. Walionishika ni mazombi. Siku ya filamu ya mapenzi naingiza watu thelathini, nusu yao wanasinzia. Siku ya mazombi naingiza sabini kwenye mabenchi ya watu hamsini, na wengine wanalia nje. Sasa mtu anayekulisha unaweza kumdharau vizuri kuliko jirani yake anavyoweza, kwa sababu unamwona kila siku.

Kabla ya kibanda nilikuwa nauza karanga nje ya kibanda cha mtu mwingine, mgongo kwenye ukuta wa mabati. Mwaka mzima nilizisikia filamu hizo bila kuziona. Nasikia mlango unalia. Nasikia mtu anapumua. Nasikia kijiko kinaanguka, halafu kimya, halafu DJ anayezitafsiri kwa Kiswahili ananong'ona, "Jamani, kuna mtu nyuma yake." Nilikuwa nafunga karanga kwenye karatasi, nusu zinanimwagikia miguuni. Siku nilipopata kibanda changu nikakaa mbele ya skrini kama mwenye mali, nikamwona aliyekuwa ananitisha: mwanaume mwenye kitambi, kapakwa chokaa, anatembea kama katoka kwenye pombe ya ndizi. Niliona nimeibiwa mwaka mzima wa hofu.

Tangu siku hiyo nikawa nawahesabu. DJ anatangaza, "Mji mzima umegeuka mazombi!" Mimi nahesabu, kumi na mmoja. Yule mwenye upara kapita mara tatu, mara ya tatu kavaa kofia. Bastola ya steringi, huyo shujaa wao, inatoa risasi thelathini na kitu, hajaijaza hata mara moja. Tochi yake haiishi betri. Dada wa watu kakimbia porini siku tatu, nywele zimelala vilevile. Na kukimbia kwenyewe! Mtu mwenye miguu miwili mizima anafukuzwa na maiti anayeburuta mguu mmoja, barabara imenyooka, haina hata jiwe, na bado anaanguka. Akishaanguka anageuka kuangalia. Anaangalia nini? Watu wa kwetu wakianguka wanatambaa.

Ila kinachonichefua kuliko vyote ni sufuria. Katika filamu zote nilizoonyesha sijamwona mtu anayekimbia na sufuria. Hakuna mwenye chumvi. Hakuna mwenye mtoto mgongoni, maana mtoto wa kukodi ni gharama na analia ovyo. Filamu inaitwa ya kunusurika, na hakuna anayepika! Wanafungua kopo moja la maharage, wanagawana watu sita, halafu wanaanza kugombania mapenzi. Nani ana nguvu ya kugombania mapenzi kwa sehemu ya sita ya kopo? Aliyetunga hayo hajawahi kulala njaa siku mbili. Siku ya pili hugombani na mtu. Unautazama tu mdomo wake, kama unatafuna.

Mimi nilikimbia nikiwa na miaka tisa. Hilo unalijua, ila sijakusimulia vizuri, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kukulisha. Tulitoka Burundi na bibi yako Spesioza, tukavuka kuja upande wa Nyabibuye. Alibeba sufuria kichwani, ndani yake chumvi na mbegu za maharage, na mdogo wangu mgongoni. Mwanaume mmoja tuliyekuwa naye njiani alimcheka. "We mama, unakimbia au unahamia?" Bibi yako alikaza mwendo. Siku ya tatu ni yule yule mwanaume aliyekuja kuchuchumaa karibu na moto wetu, akauliza kwa sauti ya heshima kubwa kama maharage yameiva.

Hiyo ndiyo filamu. Hawaitengenezi, kwa sababu haina bastola.

Nisiwe mchoyo, kuna wanachokipatia. Kila filamu lazima awepo mmoja aliyeng'atwa, anaficha jeraha chini ya shati. Kibanda kizima humtukana. Mimi simtukani. Kambini nimelala hema moja na mama aliyekuwa anaharisha na kuficha, anatoka na kurudi kimya, anajifuta jasho, anasema kala embe bichi. Aliogopa wangempeleka kule kwenye mahema ya wagonjwa na watoto wake wangebaki bila mtu wa kuwapangia foleni ya chakula. Kwa hiyo nikiona mtu kwenye skrini anashusha mkono wa shati taratibu, hapo naacha kuhesabu. Ajabu ni kwamba hiyo sehemu haigharimu kitu. Shati na mkono tu. Wakishapata hela wanaleta moto wa kompyuta, ule unaowaka bila moshi, na akili inaondoka.

Sasa ya kwako. *Kufa Hakutoshi*. Jina ni zuri, nakupa.

Nilikuonya juu ya mawese. Nilikwambia, Onesmo, damu ya mawese hapa kwetu inataka jua kali. Wewe ukaenda kupiga picha Rungwe Mpya, kwa bibi yako, mwezi wa sita, alfajiri, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mawese yakaganda. Zombi wako wa kwanza anatokea shambani, badala ya kutapakaa damu anaonekana kama mtu aliyeangukia sufuria ya maharage. Nyuso mkazipaka unga wa muhogo, zikatoka jasho, zikawa ugali. Halafu kuku! Kundi zima la maiti linavamia kijiji, na nyuma yao kuku saba wanadonoa unga uliodondoka. Kibandani watu walikuwa wanapiga kelele, "Kuku wa mazombi! Kuku wa mazombi!" na wewe umesimama ukutani, meno umeyauma. Na Jofu, rafiki yako, steringi mzima anayetegemewa na dunia, shati lake katika kukimbia mara moja tu limekuwa la bluu, la kijani, halafu la bluu tena. Mbio zile alizikimbia siku ngapi?

Nilikuwa nimekaa mlangoni, mahali pangu pa kukusanya kiingilio, nacheka kuliko wote. Ulikuwa unaniangalia. Nadhani nilicheka zaidi kwa sababu ulikuwa unaniangalia. Nilitaka uache. Nilitaka uone kwa macho yako kwamba kitu hiki hakimfikishi mtu popote, kwamba ni afadhali upokee kibanda, uongeze skrini ya pili, uwe na paa lako. Wanaoniita Mama Video mchana na "yule mkimbizi" jioni, niliwaza, watoto wao wanajenga, wa kwangu anapaka watu unga.

Halafu ikaja sehemu ya bibi yako.

Wamejifungia ndani Jofu na wenzake watatu. Nje kuna ukungu, huo haukuugharimia, wa Rungwe Mpya ni wa bure. Mama yake Jofu ameng'atwa tangu mchana, sasa anarudi akiwa zombi, na anayemwigiza ni bibi yako. Anatembea polepole, lakini ni mwendo wake wa siku zote, hana hata la kuigiza. Tumejua sote anachotakiwa kufanya. Anatakiwa aubamize mlango mpaka uvunjike. Anafika. Anasimama. Anainama kidogo. Anapiga makofi.

Wakiisoma hii wageni hawataelewa. Wewe unaelewa, ingawa nyinyi siku hizi mnatumiana ujumbe, "niko getini." Kwetu mtu haingii uani kwa watu kimya. Anasimama nje, anainama, anapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kama anayekinga maji, na wa ndani anaitikia kwa makofi yake kabla ya neno lolote. Bila hivyo wewe ni mwizi au una ugomvi. Bibi yako kapakwa unga, kamwagiwa mawese, kaambiwa amekufa, na bado hakuweza kuingia nyumbani kwa mtu bila makofi. Na Jofu naye, ndani, mtoto aliyelelewa na watu, akasahau kwamba ni steringi. Akajibu makofi. Akafungua.

Kibanda kilianza kucheka, kicheko kikakatika katikati. Unakumbuka? Watu sabini kimya. Yule mzee muuza duka, anayekuja kwa ajili ya kupinga kila kitu, alisema taratibu, "Ah. Anamkaribisha mama yake."

Hapo ndipo nilipotoka nje nikazima jenereta.

Giza. Watu wanapiga miluzi. Wewe unatoka mbio, "Mama, mafuta yameisha?" Nikakwambia yameisha, waende nyumbani. Ukalifungua tangi, ukachungulia kwa simu. Limejaa. Ukasema, "Umenizimia makusudi." Nikasema, "Takataka gani hiyo ya kumalizia mafuta yangu?" Tangu siku hiyo salamu yetu imekuwa kikohozi.

Sasa nisikilize. Juzi ulikuwa unaongea na huyo bosi wako wa Dar, anayekuitia kazi ya filamu, umeweka simu sauti kubwa kwa sababu unapiga pasi. Ukuta wetu ni wa matofali mabichi, sikuhitaji kutega sikio. Nilimsikia.

"Dogo, una jicho. Ila yule bibi wa makofi toa. Zombi gani anapiga hodi? Nitakupa dada mmoja hapa mjini, anapiga kelele vizuri sana. Mtapiga upya hiyo sini, tunaiweka yote mtandaoni."

Na wewe ukasema, "Sawa bosi. Hata hivyo yalikuwa makosa, betri ilikuwa imebaki asilimia nne."

Usiyatoe makofi, Onesmo. Hilo tu ndilo lililonikalisha na kalamu. Mengine yote kata, choma, wape wale kuku. Makofi yaache.

Nitakwambia kwa nini, na usinihurumie, sipendi.

Mwaka wa pili wa kibanda, wewe ulikuwa darasa la tatu. Masika. Nimejaza, filamu ya mazombi, imefika katikati. Ujue sheria yangu ya wakati ule: mlango haufunguliwi filamu ikiwa katikati. Niliufungua mara moja nimpishe mtu aende haja, watoto wanane wakapita chini ya kwapa langu. Tangu hapo, komeo. Basi mvua inapiga mabati, DJ anashindana nayo, na mimi nasikia makofi nje ya mlango.

Niliyajua. Viganja vya mama yangu vina sauti yao, kama kibuyu kikavu. Alikuwa ametoka Rungwe Mpya kwa lori la muhogo, bila taarifa, maana simu hakuwa nayo. Nikawaza, angoje kidogo. Nikifungua sasa nitaingiza nusu ya mtaa bure. Akapiga tena. Kwenye skrini, nakuapia, wamejifungia ndani, kuna mtu nje, na DJ anapiga kelele, "Usifungue! Ukifungua umekwisha!" na kibanda kizima kinamwitikia, wakubwa kwa watoto, "Usifungue! Usifungue!"

Sikufungua.

Sikuwa mjinga kiasi cha kudhani ni zombi. Nilikuwa nahesabu vichwa. Makofi yakapigwa mara ya tatu, halafu hayakupigwa tena. Filamu ikaisha, wabaya wakafa, nikatoa komeo. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, ukingo wenyewe hauzidi kiganja. Kichwani alikuwa na furushi la unga wa muhogo, amesikia kwamba tunakula vibaya. Unga ulikuwa umelowa, unamtiririka usoni, mweupe. Mzuri wa kuingia kwenye filamu yako bila kupakwa. Watu wanapita kando yake wanatoka, wanacheka, wanaigiza mwendo wa mazombi. Akaniangalia akaniuliza, "Wale watu wamepona?"

Nilisema ndiyo, wamepona.

"Afadhali," akasema, akaingia.

Hakuitaja tena siku ile mpaka wiki hii. Wala mimi sikuomba radhi, maana kila nikitaka kuanza naona nitakuwa nimekiri kwamba nilisikia. Nikajiambia labda anadhani mvua ilizidi. Lakini mama yangu tangu siku ile hajapiga makofi mlangoni kwangu. Wewe umekua ukiona, ukadhani ndiyo tabia yake. Anafika, anasimama uani kando ya jiko, anatulia mpaka mtu amwone. Kwa jirani anapiga makofi. Kanisani kwa katekista anapiga. Kwangu anasimama. Miaka kumi na mbili, Onesmo. Ujenzi wangu wote, bati langu, jenereta langu, na mama yangu anangoja kuonekana.

Halafu unaniletea filamu, nimekaa mlangoni pale pale, komeo lile lile, na yeye yuko mle ndani ya skrini, ana unga usoni, anapiga makofi. Na mtu anafungua. Ningefanya nini? Nilizima.

Na kuna jambo jingine, hilo ni la fundi kwa fundi. Nimelifikiria wiki tatu. Filamu hizi zote, za bei rahisi na za bei mbaya, zinasimuliwa na waliomo ndani. Kamera imejificha na wenye nyumba, inachungulia dirishani. Wa nje hawana jina, wana meno tu. Mimi nilikuwa wa nje. Asubuhi ile tuliyovuka, tumelala njiani usiku wa nne, tope mpaka kwenye nywele, mdogo wangu shingo imelegea, bibi yako mguu mmoja anauburuta kwa sababu ya mwiba. Tulitokea kwenye ukungu kama huo wa kwako, kundi zima, tukaliendea boma la kwanza upande wa Nyabibuye. Ungetupiga picha kwa mbali ungesema mazombi hao. Watu wa boma lile walituona. Nilimwona mwanaume ameshika panga, mke wake yuko nyuma yake.

Bibi yako alitua sufuria chini. Akainama. Akapiga makofi, akasema, "Mwakeye," salamu ya kwetu, kama jirani aliyekuja kuomba moto.

Yule mwanaume akaiangalia mikono ya bibi yako. Akaliegemeza panga ukutani, kwa sababu huwezi kuitikia makofi na panga mkononi. Akapiga yake. Mke wake akatoka na maji.

Sijawahi kuona hilo kwenye filamu yoyote. Mpaka ya kwako. Na wewe unasema ni makosa ya betri! Kama ungekuwa na betri ya pili ungemwambia bibi yako arudie, abamize mlango, na ungekuwa na filamu kama zile mia nne nilizonazo kwenye sanduku. Umaskini wako ulikuzuia kuharibu. Lakini ujanja wa kujua kipi cha kuacha, huo hauletwi na umaskini. Huo unajifunza, na ndio ninaoutilia shaka kwako, kwa jinsi ulivyosema "sawa bosi" haraka.

Jumatatu nilipanda bodaboda mpaka Rungwe Mpya. Sikukuaga kwa sababu hatuagani. Nilimkuta bibi yako anamenya muhogo. Nikamuuliza, "Mama, kwenye filamu ya mtoto, kwa nini ulipiga makofi? Si alikwambia umekufa?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini anavaa nguo. "Kufa ndiyo kukosa adabu?"

"Alikwambia ubamize."

"Nibamize mlango wa watu, mimi?" Akaendelea kumenya. Nikadhani yameisha. Kisu kikafika mwisho wa muhogo, akautupa kwenye beseni, akasema bila kuniangalia, "Na yule kijana akafungua hapo hapo. Hata hakungoja."

Nilimsaidia kumenya mpaka beseni likajaa. Halafu nikamwambia. Nilisema, "Siku ile ya mvua nilikusikia." Maneno matano, miaka kumi na mbili. Akasema, "Najua. Nilikuona miguu chini ya mlango." Basi. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuuliza. Kazi ya muhogo ina haraka yake. Ila aliniambia Jumapili nimtumie bodaboda, anataka kujiona alivyokuwa amekufa.

Kwa hiyo Jumapili ijayo nitaionyesha *Kufa Hakutoshi* mpaka mwisho. Mwisho wake nimeshauona peke yangu, kwenye ile nakala uliyoiacha kibandani. Nimeona bibi yako anaingia, anakaa kwenye kigoda, picha inakatika, halafu mchana kweupe Jofu naye kashageuka zombi. Kung'atwa hatukuoni. Ulikosa betri, najua. Acha hivyo hivyo. Kiingilio ni kamili, kuku na mashati na yote. Na mlango nitauacha wazi tangu mwanzo. Watoto wataingia bure, nimeshakubali hasara, usinipigie hesabu.

Kwa Dar sina ushauri mwingi, sijawahi kutengeneza filamu, nimezihesabu tu. Huyo bosi akikuletea dada wa kupiga kelele, mpokee, mpe sehemu nyingine, kelele hazikosi pa kuwekwa. Akikwambia zombi hapigi hodi, mwambie wa kwenu anapiga. Akicheka, mwache acheke mpaka amalize, halafu umwonyeshe ile sehemu tena na usiseme kitu. Kama hatanyamaza hapo kibanda kiliponyamaza, huyo hana masikio, chukua nauli yako urudi au tafuta mwingine. Na katika filamu yako inayofuata, nakuomba kama mteja, mtu mmoja abebe sufuria.

Basi lenu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Utapita mlangoni kwangu, hakuna njia nyingine ya kutoka uani. Usinitumie ujumbe kwamba uko nje, na usipite kwa kunyata ukidhani nimelala. Tua begi, piga makofi. Komeo nimeshalitoa.

Mama yako